Jinsi ya Kupima Wasiwasi wa Panya Waliopewa Kanabinoidi au Dawa za Kutuliza

Kabla panya wa kwanza hajachomwa sindano, mtafiti ambaye tayari ana kibali cha kamati ya maadili anapaswa kuwa na jibu la swali moja: atamtofautishaje mnyama ambaye wasiwasi umempungua na mnyama aliyeleweshwa tu na dawa?

Kifaa kinachotumika sana ni jukwaa lenye umbo la alama ya kujumlisha, lililoinuliwa takriban sentimita 50 kutoka sakafuni, ambalo njia zake mbili zimezungushiwa kuta na mbili ziko wazi. Panya hukwepa mahali pa juu palipo wazi, lakini pia hupenda kupeleleza mahali pageni, na kipimo chote kimejengwa juu ya mvutano huo. Mweke katikati, umwache kwa dakika 5 huku kamera ikirekodi kutoka juu, kisha usafishe jukwaa ili harufu yake isimwathiri atakayefuata. Anayehesabu asijue ni mnyama yupi amepewa nini.

Muda uliotumika kwenye njia za wazi hautoshi peke yake. Hesabu pia mara ngapi panya ameingia njia zenye kuta, kwa kuwa idadi hiyo huonyesha kama bado ana nguvu ya kutembea. Mtazame kwa makini anapofika ukingoni mwa kuta: panya mwenye wasiwasi hurefusha mwili na kunusa mbele huku miguu ya nyuma ikibaki ndani, kisha hurudi. Tendo hilo, kwa maoni yangu, linafichua mengi kuliko saa, na ni hasara kubwa kutolirekodi.

Diazepamu, dawa ya kutuliza ya kundi la benzodiazepini, inafaa kwa kundi la kulinganishia. Huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva, kwenye vipokezi vya GABA-A (sehemu za seli zinazoipokea), kloraidi ikaingia kwa wingi katika seli ya neva na seli ikatulia. Kwa dozi ndogo, panya huthubutu kutoka kwenda njia za wazi; dozi ikipanda, anapunguza kutembea kila mahali, na hapo matokeo hayasemi tena lolote la uhakika kuhusu wasiwasi.

Kanabinoidi, yaani kemikali za bangi na zinazofanana nazo, zinahitaji uangalifu zaidi. THC, kemikali kuu ya kulevya katika bangi, kwa dozi ndogo huweza kupunguza wasiwasi, na kwa dozi kubwa ikauzidisha, pamoja na kumfanya mnyama apoe mwili na kukaa bila kujongea. Sababu mojawapo ni kwamba vipokezi vya CB1, ambavyo THC hujishika navyo, viko kwenye neva zinazotoa glutameti, ambayo huchochea, na pia kwenye zile zinazotoa GABA, ambayo hutuliza. Kanabidioli nayo, kemikali nyingine ya bangi isiyojishika kwa nguvu kwenye CB1, imeonyesha katika panya manufaa yanayopanda kwa dozi za kati na kutoweka zinapozidi. Kwa hiyo usijaribu dozi moja ukatoa hukumu. Panga angalau tatu zilizoachana vya kutosha. Kwa kuwa THC haiyeyuki katika maji, kundi lisilopewa dawa lidungwe kimiminika kilekile kilichotumika kuiyeyusha.

Ili kuthibitisha kipokezi ambacho dawa imefanyia kazi, tumia kizuizi, yaani dawa inayokiziba kipokezi hicho: flumazenili kwa diazepamu, rimonabanti kwa THC. Liwepo pia kundi linalopewa kizuizi peke yake, maana rimonabanti yenyewe huweza kuongeza wasiwasi. Dawa hiyo, iliyouzwa Ulaya kwa ajili ya kupunguza unene, ilisitishwa mwaka 2008 kwa sababu ya madhara ya kiakili kwa wagonjwa.

Panya aliyekwisha kupita jukwaani asirudishwe kwa jaribio la pili, kwa sababu benzodiazepini hupoteza sehemu kubwa ya athari yake kwa mnyama anayelijua jukwaa, hata kama mara ya kwanza hakupewa dawa yoyote. Ukihitaji ushahidi zaidi, tumia kipimo tofauti, kama sanduku lenye chumba chenye mwanga na chumba cha giza.