Jinsi ya kupata pini, boljointi na nati za linkeji ya Land Rover Series iliyotoka jeshini

Linkeji ya Series IIA au Series III si kitu cha ajabu: vifimbo, foku, pini, boljointi ndogo na springi. Kinachosumbua ni kwamba gari hizi ziliundwa wakati viwanda vya Uingereza vinahama kutoka BSF na BA, viwango vya nyuzi vya zamani vya Uingereza, kwenda UNF, kiwango cha inchi cha pamoja na Marekani, kwa hiyo gari moja inaweza kubeba nyuzi za aina tatu. Maelezo haya yanahusu linkeji ya mafuta (ya pedali ya akseleta) na ya hendibreki. Usukani uache: tai rodi endi hununuliwa mpya, ya nyuzi za kulia na ya kushoto, wala hazichongwi na mtu.

Hatua ya 1: Fungua

Piga picha, pima urefu wa kila fimbo kabla ya kulegeza loki nati, kila kiungo kiwe na kifuko chake.

Hatua ya 2: Tambua nyuzi kabla ya kwenda dukani

Usiruke hatua hii. Safisha bolti kwa brashi ya waya, kisha pima kipenyo kwa venia pale ambapo nati ilikuwa imefunika, maana ncha huwa imelika. Unahitaji geji za nyuzi za pembe tofauti: digrii 60 kwa UNF na milimita, 55 kwa BSF, na ya BA peke yake, ambayo ni 47.5. Shika geji dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga chini ya meno, siyo hiyo.

Mtego mkubwa uko kwenye vifimbo vya mafuta. 2BA ina kipenyo cha mm 4.7 na hatua (umbali kati ya jino na jino) ya mm 0.81. 10 UNF ni mm 4.83, nyuzi 32 kwa inchi, yaani mm 0.79. M5, ya milimita, ni mm 5.0 na hatua ya mm 0.80. Kwa macho ni kitu kimoja. Nati ya M5 inapanda kwenye fimbo ya 2BA bila ubishi, na ukiikaza taratibu inaonekana imeshika. Lakini meno yanagusana kwa ncha tu, na mtetemo wa injini unaikwangua mpaka fimbo inachomoka. Kinyume chake hakiwezekani: nati ya 2BA haipandi bolti ya M5, na hicho ni kipimo kizuri cha haraka. Kipimo kingine ni spana. Kichwa cha 2BA ni mm 8.2, hivyo spana ya 8 inagoma. Nati ya 10 UNF huchukua spana ya inchi 3/8.

Kwa bolti za robo inchi, BSF ina nyuzi 26 kwa inchi na UNF ina 28. Nati ya moja kwenye nyingine huenda mizunguko miwili hivi halafu inakwama. Ukilazimisha, umeharibu zote mbili. Kibaya zaidi ni M6 kwenye tundu la robo BSF: hatua ni mm 1.0 dhidi ya 0.98, kwa hiyo inaingia yote, ikiwa nyembamba kwa mm 0.35, na siku ya kukaza inatoka na meno. Bolti za UNF mara nyingi zina duara lililozama juu ya kichwa, au viduara vilivyoshikana ubavuni. Zitafute kabla ya kupima chochote.

Usitoboe tundu la zamani ili uweke bolti ya milimita. Nunua tapu na dai (vikata nyuzi vya ndani na vya nje) ya 2BA, itakulipa.

Hatua ya 3: Pini za foku

Zote ni za inchi: 1/4 (mm 6.35), 5/16 (7.94) na 3/8 (9.53). Pini ya mm 6 kwenye tundu la robo inaacha uwazi wa mm 0.35, ukiwa na viungo vinne hivyo, ni mm 1.4 zinazopotea kabla lever haijasogea. Kwenye hendibreki, inayoshika dramu nyuma ya gia boksi ya transfa, utaona mkono unapanda juu bila kushika.

Ukikosa pini, nunua bolti ndefu ya UNF ya kiwango cha juu, kata sehemu laini isiyo na nyuzi, toboa tundu la spliti pini kwa keke ya inchi 3/32, na acha uwazi kama mm 1 baada ya washa. Fundi wa kukereza akikuchongea, mpe bolti yenye alama ya nguvu, siyo nondo. Stenlesi ya daraja la A2-70 ni dhaifu kuliko bolti ya chuma ya daraja la 8.8, kwa hiyo isiwekwe kwenye breki. Spliti pini haitumiki mara mbili.

Hatua ya 4: Boljointi

Zinazojaa madukani ni za milimita: kikombe cha 8 huja na M5, cha 10 na M6. Pima boli yenyewe. Kikombe cha 8 kinakaa sawa kwenye boli ya 5/16, lakini cha 10 kwenye boli ya 3/8 kina uwazi wa karibu nusu milimita na kitachomoka. Mimi hubadilisha boli na kikombe pamoja, nyuzi zikiwa zile zile za fimbo.

Hatua ya 5: Tafuta kwa namba

Kitabu cha jeshi kinatoa namba ya NATO ya tarakimu 13. Nne za kwanza ni kundi: 5315 ni pini, 5310 nati na washa, 5306 bolti, 5360 springi. Mbili zinazofuata ni nchi, na 99 ni Uingereza. Linganisha na namba ya tarakimu sita ya kitabu cha kiraia, kwa sababu linkeji nyingi ni ile ile na namba ya kiraia inajibiwa haraka zaidi. Ukienda Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), peleka kipande chenyewe pamoja na namba.

Hatua ya 6: Funga

Grisi kidogo kwenye pini, boli zibaki safi. Vipande vya zamani vyenye rangi ya dhahabu hafifu vinaweza kuwa na kadimiamu, metali yenye sumu: visisagwe wala kuchomwa. Mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, nawe uangalie lever ya kabureta ikigusa stopa. Akiachia, irudi yenyewe.