Kutotolesha kambale: sindano ni rahisi, kazi iko kwenye maji na saa

Kambale wa bwawani hupevusha mayai vizuri tu, ila hatagi. Kwenye mito na mabonde husubiri mvua kubwa, maji yapande yafunike nyasi za pembezoni, ndipo atage. Bwawa lako halina mafuriko, kwa hiyo ishara hiyo unampa wewe kwa sindano ya homoni. Wanaoanza huiogopa mno sindano hii, na kumbe ndiyo sehemu nyepesi. Vifaranga hupotea kwingine: kipimajoto hakikuangaliwa, tone la maji limeingia kwenye beseni, au chakula kimechelewa siku ya nne.

Anza na wazazi. Jike aliye tayari ana tumbo lililojaa na laini, na ukimkanda taratibu kuelekea mkiani hutoa mayai machache. Yaweke juu ya ukucha uyatazame. Yawe ya mviringo, yanalingana ukubwa, rangi yake kijani iliyochanganyika na kahawia. Yakiwa meupe au yamepasuka, mrudishe bwawani. Homoni haifufui yai lililooza. Dume utamjua kwa kinyama kirefu chenye ncha kilicho nyuma ya tundu la haja. Samaki wa mwaka mmoja hivi, wa kilo moja au kuzidi kidogo, wanamfaa anayejifunza, maana wakubwa zaidi huhitaji watu wawili kuwashika. Jike na dume wasiwe wa uzao mmoja.

Kabla ya kuchoma sindano, pima joto la maji, kwa sababu ndilo linalopanga saa ya kumkamua jike mayai. Maji ya nyuzi 26 humweka jike tayari baada ya saa 10 hivi. Ya nyuzi 22 huchukua zaidi ya saa 15. Ukimchoma saa mbili usiku katika nyuzi 26, utamkamua saa kumi na mbili alfajiri. Ukiwahi, mayai hayatoki. Ukichelewa yanapitiliza, na hata yakitoka mengi hayatatotoa. Ndiyo maana nasema kipimajoto kinunuliwe kabla ya homoni.

Mpime jike uzito, mfunike kichwa kwa kitambaa kilicholowa atulie, kisha choma kwenye nyama ya mgongo, chini kidogo ya pezi, sindano ikiwa imelala. Homoni za maji zinazotumika sana hutolewa kwa mililita 0.5 kwa kila kilo ya samaki, lakini fuata maelezo ya chupa uliyonayo. Sukuma polepole, na unapochomoa paminye kwa kidole dawa isirudi nje. Kila mmoja akae kwenye tangi lake lenye kifuniko, la sivyo watang'atana usiku kucha au utamkuta sakafuni.

Dume la kambale halikamuliki kama jike. Kwa kawaida huchinjwa, korodani zikatolewa, zikafutwa damu na kukatwakatwa, kisha zikakamuliwa ndani ya maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita moja. Kwa hiyo usimchinje mpaka uone mayai ya jike yanatiririka yenyewe.

Hapa maji ni adui. Mfute jike mpaka akauke, kausha mikono, kausha beseni. Yai likiguswa na maji kabla ya mbegu, tundu lake hufunga. Mbegu nayo ikikutana na maji huishiwa nguvu ndani ya dakika moja hivi. Kamua mayai, mimina mbegu, changanya kwa unyoya wa kuku. Sasa ndipo uongeze maji safi na kuendelea kukoroga kwa dakika moja, kisha tandaza mayai juu ya chandarua kwenye maji yanayopita polepole. Yatandaze tabaka moja tu. Gramu moja ina mayai kama 600 au 700, na anayeona uchungu kuyatawanya huishia na mabonge yaliyoota ukungu mweupe.

Katika nyuzi 26 hutotoa baada ya saa 25 hivi. Vitoto hupenya chandarua na kujikusanya kwenye kona yenye giza. Ondoa chandarua na maganda yake mapema, kabla hayajaanza kuoza. Kwa siku tatu hivi hula kiini walichozaliwa nacho, usiwape kitu. Wakianza kuogelea huku na huko, njaa imeingia. Chakula bora ni atemia (vijidudu wadogo wa maji ya chumvi) waliotoka kuanguliwa, au vijidudu vya majini vilivyochujwa kwenye bwawa la kijani, kidogokidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Kiini cha yai la kuku kinasifiwa sana, ila huchafua maji haraka kuliko wanavyokila. Chakula cha unga kiingizwe taratibu kuanzia wiki ya pili.

Umaarufu wa kambale wa kuishi kwenye tope usikudanganye. Kitoto cha siku tano bado hakina kiungo cha kuvuta hewa ya juu, kinategemea oksijeni ya majini tu. Pampu ikizimika usiku, asubuhi utafagia. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku moja au mbili kwanza, na uchafu wa chini uunyonye kwa mpira kila siku.

Baadaye utaona wachache wamewaacha wenzao mbali kwa ukubwa. Hao wanakula ndugu zao. Ukikuta mmoja ana mkia unaotokeza mdomoni, umeshachelewa. Wachambue kwa ukubwa kila wiki, na wakubwa wapate tangi lao. Siku ya kuwahamishia bwawani, walale bila kula tangu jana yake, wasafirishwe jua likiwa bado chini, na mfuko uelee bwawani mpaka joto la ndani lilingane na la nje ndipo ufunguliwe.