Kutengeneza filamu ya uchunguzi kuhusu kampuni: ushahidi kwanza, kamera baadaye

Kabla ya kukodi kamera, fungua jedwali lenye safu nne: dai, ushahidi, aliyeutoa, jibu la kampuni. Kila sentensi ya msimulizi iwe na mstari wake humo. Dai lisilo na ushahidi halitoki, hata kama mtaa mzima unaliamini.

Chukua Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofunguliwa 2007 kilisambaza sumu ya risasi, yaani madini ya lead yaliyo ndani ya betri. Kamera huona moshi na maji machafu, lakini risasi iliyo ndani ya damu ya mtoto huonekana kwenye majibu ya maabara tu. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri chanzo kitafutwe na kuondolewa, risasi kwenye damu ikifikisha mikrogramu 5 kwa desilita. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi kabla ya kuonyesha majibu hayo, kisha funika jina na namba ya mgonjwa.

Udongo achukue mtaalamu. Rekodi bila kukata, tangu anachimba hadi mfuko unafungwa na kuandikwa tarehe, saa, mahali na sahihi. Wengi husahau sampuli ya kulinganisha kutoka mbali na kiwanda, na hapo ndipo kampuni husema risasi imetoka barabarani.

Fuata pia waliotoa vibali. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na waliowajibishwa ni pamoja na NEMA, mamlaka ya mazingira yenyewe. Nchini Kenya, CR12, hati ya msajili wa kampuni, hukuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Nyaraka za ofisi za umma ziombe kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: wana siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa uhai wa mtu uko hatarini. Tunza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mfanyakazi anayekupa siri ndiye wa kulindwa kuliko filamu yenyewe. Usimpigie kwenye simu ya kazini. Ukimwahidi kumficha, usirekodi uso wake kabisa. Ukungu wa kompyuta hautoshi ikiwa picha halisi ipo kwenye diski. Sauti iliyobadilishwa unene huweza kurudishwa, hivyo maneno yake ayasome mwigizaji. Angalia pete na makovu ya mikono. Na waraka ambao yeye peke yake ndiye aliyeufikia usiuonyeshe, maana utamtaja bila jina.

Kila jioni nakili kadi za kamera kwenye diski mbili, moja ilale nyumba nyingine. Usifute kadi kabla ya kufungua faili zote ulizonakili na kuona zinafanya kazi.

Barua ya kuomba majibu ya kampuni itaje kila tuhuma, tarehe na kiasi, na iwape angalau siku 10 za kazi. Ukiandika tu kwamba unatengeneza filamu ya mazingira, hawajapewa nafasi ya kujibu chochote. Wakileta hati inayokanusha dai, ichunguze, na ikiwa ni kweli badilisha maneno ya filamu. Mwanasheria apewe jedwali pamoja na filamu iliyohaririwa, kabla sauti hazijachanganywa, kwa sababu baada ya hapo kila sentensi inayobadilishwa inakurudisha studio.