Andika tukio kwanza, tuma baadaye
Nimejifunza hili nikirekebisha programu ya ankara: oda inapothibitishwa, usitume barua pepe wala kuita mfumo wa nje ukiwa bado ndani ya muamala wa hifadhidata (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa yote kwa pamoja au yasihifadhiwe kabisa), bali andika tukio hilo kwenye jedwali la foleni ndani ya muamala uleule, kisha programu nyingine ilisome na kulitekeleza. Muamala ukibatilishwa, tukio nalo hufutika, hivyo mteja hapokei ankara ya oda isiyokuwepo. Njia hii haifai pale mtumiaji anapohitaji jibu papo hapo. Tena, na hapa ndipo wengi hujikwaa, tukio moja laweza kutekelezwa mara mbili iwapo programu itazimika kabla ya kuweka alama kwamba imemaliza. Kwa hiyo lipe kila tukio namba yake ya pekee, na mfumo unaopokea uikague kabla ya kutenda lolote.