Namna ya kulitambua somo hewa: mwongozo kwa mwanamichezo anayekwenda kusoma chuo cha Marekani

Kijana wa Bonde la Ufa anayepata ufadhili wa kukimbia katika chuo kikuu cha Marekani anaingia katika makubaliano ambayo aghalabu hayaelezwi waziwazi mbele ya wazazi wake: chuo kitapata miguu yake kwa miaka minne au mitano, na yeye atapata elimu. Hakuna mshahara mwingine kwa wengi wao, kwa maana malipo mapya yanayotolewa kwa wachezaji tangu mwaka 2021 yamewaendea zaidi wa futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu, na viza ya mwanafunzi inambana sana mgeni katika kufanya kazi ya kulipwa. Kwa hiyo, elimu ile ikiwa hewa, kijana ametumika bure. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulitambua somo hewa, yaani somo lililomo kwenye ratiba na lenye alama lakini lisilofundishwa, namna ya kujilinda nalo, na la kufanya ukigundua kwamba umekwisha kuingizwa humo.

Nianze na tukio ambalo kila msemaji wa Kiswahili anapaswa kulijua, kwa sababu lugha yetu ilitumiwa ndani yake. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, kuanzia mwaka 1993 hadi 2011, Idara ya Taaluma za Afrika na Wamarekani Weusi iliandikisha wanafunzi katika masomo ambayo kwenye ratiba yalionekana kuwa ya mihadhara, lakini hayakuwa na mhadhara hata mmoja. Mwanafunzi aliandika insha moja mwishoni mwa muhula na kupewa alama ya juu bila kujali alichokiandika. Aliyesahihisha nyingi ya insha hizo hakuwa mhadhiri, bali karani mkuu wa idara, Deborah Crowder. Na mkuu wa idara, Julius Nyang'oro, msomi kutoka Tanzania, aliliacha jambo hilo liendelee, kisha akaliendeleza mwenyewe baada ya Crowder kustaafu mwaka 2009. Ripoti ya mwanasheria Kenneth Wainstein, iliyotolewa Oktoba 2014, ilihesabu wanafunzi zaidi ya 3,100 waliopitia masomo hayo. Wanamichezo, ambao ni asilimia ndogo sana ya wanafunzi wa chuo kile, walichukua karibu nusu ya nafasi zote.

Miongoni mwa masomo hayo limo la Kiswahili. Wanafunzi wengine wa Kiswahili walikaa darasani wakajifunza ngeli na kufanya mitihani ya kusema na kuandika, ilhali walioandikishwa katika somo hilo hewa waliandika insha kwa Kiingereza kuhusu utamaduni wa Waswahili na kuhesabiwa kuwa wametimiza sharti la lugha ya kigeni. Mwaka 2011 mchezaji mmoja wa futiboli aliyesimamishwa alikwenda mahakamani kudai haki yake, na insha yake ya somo la Kiswahili ikawekwa wazi pamoja na nyaraka za kesi. Mashabiki wa timu pinzani waliisoma na kuonyesha sehemu zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka maandishi ya watu wengine, jambo ambalo chuo chenyewe hakikuwa kimeliona. Mimi nililisoma hilo kwa uchungu, si kwa sababu ya kijana yule, bali kwa sababu watu wazima waliolipwa kumfundisha walimpa lugha ya watu kama kijisehemu cha kujaza fomu, na walipoulizwa, aliyeaibika kwanza alikuwa yeye.

Usitegemee kwamba shirikisho la michezo ya vyuo, NCAA, litakulinda na hali hiyo. Baada ya uchunguzi wa miaka kadhaa, jopo lake liliamua Oktoba 2017 kwamba halikuweza kuthibitisha uvunjaji wa kanuni za masomo, kwa kuwa masomo yale yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote na si kwa wanamichezo peke yao, na kwa kuwa ubora wa somo ni suala la chuo chenyewe. Kabla ya hapo, katika kesi iliyofunguliwa na waliokuwa wachezaji, NCAA ilijitetea kwamba haikuwahi kubeba jukumu la kisheria la kuhakikisha ubora wa elimu yao. Aliyechukua hatua ya kitaaluma ni chombo cha ithibati cha vyuo vya kusini mwa Marekani, yaani kinachothibitisha ubora wa vyuo, ambacho mwaka 2015 kilikiweka chuo kile chini ya uangalizi kwa miezi 12. Ulinzi wa kwanza, basi, unaanzia kwako na kwa wazazi wako.

Unaanza kabla ya kusaini. Kocha anapokuja na mazungumzo matamu, muulize maswali matatu na uandike majibu yake: wanariadha wake waliomaliza miaka ya karibuni walisomea fani gani, wangapi wamesomea fani unayoitaka wewe, na itakuwaje maabara ikigongana na mazoezi. Ukisikia kwamba timu karibu nzima iko katika fani moja, usikate shauri papo hapo kwamba kuna wizi, kwa maana marafiki hufuatana. Lakini taka kuzungumza na mwanafunzi wa fani hiyo asiye mwanamichezo. Usiridhike na takwimu za wachezaji wanaohitimu ambazo chuo hujivunia. Takwimu hizo zinahesabu waliopata shahada na waliobaki na sifa ya kucheza, wala hazipimi walichojifunza, na somo hewa ndilo linalozipandisha kwa haraka kuliko kitu kingine chochote. Timu ya futiboli ya Chapel Hill ilipoteza kimbilio hilo Crowder alipostaafu, na muhula uliofuata wastani wa alama wa timu ukashuka hadi kiwango cha chini kabisa katika miaka kumi. Washauri wao wa masomo walikuwa wamekwisha kuwaeleza makocha katika kikao, kwa maandishi yaliyoonyeshwa ukutani kwa projekta, kwamba madarasa ambayo wachezaji hawakulazimika kuhudhuria wala kukaa macho hayapo tena.

Elewa pia shinikizo linakotokea, kwa sababu litakukuta hata katika chuo chenye watu waungwana. Kanuni za daraja la kwanza la NCAA zinamtaka mwanamichezo awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake mwisho wa mwaka wa pili, asilimia 60 mwisho wa mwaka wa tatu, na asilimia 80 mwisho wa mwaka wa nne. Nia yake ni njema. Lakini kijana aliyeanza uhandisi na akatambua katika mwaka wa pili kwamba anataka uchumi anaweza kukuta krediti zake, yaani vipimo vya masomo aliyokwisha kuyakamilisha, hazihesabiki katika fani mpya, naye akaambiwa kwamba hatakimbia msimu ujao. Hapo ndipo mtu wa ofisini anapomjia na dawa: kuna somo moja, usijali, andika insha tu. Dawa ya kweli ni kuomba mapema, katika muhula wa kwanza, mpango wa masomo wa miaka yote minne uliosainiwa na mshauri wa idara, si wa idara ya michezo peke yake. Washauri wa michezo wengi ni watu wa kujali, lakini ajira yao iko karibu mno na uwanja.

Siku ya kujiandikisha, jisajili mwenyewe kwa nenosiri lako, na usimpe mtu yeyote nenosiri hilo. Kwa kila somo, kabla juma la pili halijaisha, uwe na silabasi mkononi, umeshamwona mhadhiri kwa macho, na umejua chumba, siku na saa. Kitu kimoja kati ya hivyo kikikosekana, uliza. Vikikosekana vyote, umo katika somo hewa. Dalili nyingine ni darasa lililojaa wachezaji wenzako: mwaka 2011, wakati wa kiangazi, somo moja la Chapel Hill lililotangazwa kuwa la mihadhara lilikuwa na wanafunzi 19, na kati yao 18 walikuwa wachezaji wa futiboli na wa 19 alikuwa amewahi kuwa mchezaji. Kuingizwa darasani baada ya muda wa usajili kupita bila wewe kuomba ni dalili, na karani kupokea kazi zako badala ya mhadhiri ni dalili. Iliyo mbaya kuliko zote ni mtu kukutajia alama utakayopata kabla hujaandika neno.

Tofautisha, hata hivyo, somo hewa na somo jepesi, au na utafiti binafsi unaosimamiwa na mhadhiri. Utafiti binafsi ni utaratibu halali, lakini una mkataba ulioandikwa, una vikao na msimamizi, na katika nakala ya matokeo unaitwa kwa jina lake. Wahadhiri wengi wa idara ile ya North Carolina walifundisha kwa bidii na hawakuhusika; baadhi yao walikuta saini zao kwenye fomu za alama ambazo hawakuzisaini. Kuwatuhumu watu kwa jumla kunawaumiza wasio na hatia na kuwaficha wenye hatia.

Kwa mzaliwa wa Kenya au Tanzania liko jambo la pekee. Ukiambiwa ujiandikishe Kiswahili cha wanaoanza ili uokote alama, kataa. Omba badala yake mtihani wa kupimwa lugha, kwani vyuo vingi humsamehe sharti la lugha ya kigeni mwanafunzi anayethibitisha kwamba anaijua lugha nyingine, na nafasi ile itakubakia kwa somo unalolihitaji. Zaidi ya hayo, viza ya mwanafunzi, iitwayo F-1, inakutaka usome angalau krediti 12 kila muhula, na kati ya hizo ni somo moja tu la mtandaoni linaloweza kuhesabiwa. Somo lisilokutana likifutwa baadaye, ofisi ya michezo itapoteza mchezaji mmoja, lakini wewe unaweza kupoteza haki ya kukaa nchini. Muulize mshauri wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, kwa barua pepe, kila unapoona shaka.

Kuhusu walimu wa ziada, mpaka ni mmoja: kalamu ibaki mkononi mwako. Mwalimu anaweza kukuuliza ulichokusudia kusema, anaweza kukuonyesha kwamba aya ya tatu haifuati ya pili, lakini hawezi kuandika sentensi hata moja, wala kukufanyia jaribio la mtandaoni. Katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mfanyakazi wa ofisi ya ushauri aliandika takriban kazi 400 kwa ajili ya wachezaji wa mpira wa kikapu katika miaka ya 1990; gazeti la St. Paul Pioneer Press lilipofichua habari hiyo Machi 1999, mafanikio ya timu katika fainali za mwaka 1997 yalifutwa kwenye kumbukumbu. Katika Chuo Kikuu cha Missouri, mwalimu wa ziada aliyewafanyia kazi wachezaji 12 alijitokeza mwenyewe kukiri mwaka 2016, na adhabu ilipotoka mwaka 2019 ilizifungia mashindano ya mwisho wa msimu timu ambazo wachezaji wake wengi hawakuhusika kabisa. Hifadhi rasimu zako zote zikiwa na tarehe. Leo, programu za akili mnemba zinapofanya kila insha itiliwe shaka, rasimu ndizo ushahidi wako.

Ukigundua kwamba umekwisha kuwamo, usikimbilie kuwatangaza watu. Kusanya kwanza: silabasi kama ipo, ujumbe wa kukuingiza darasani, kazi uliyowasilisha, alama uliyopewa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi inakupa haki ya kuona rekodi zako, na chuo kina siku zisizozidi 45 za kukuonyesha. Omba kwa maandishi. Kisha mwandikie msajili na mkuu wa kitivo, nakala kwa profesa anayekiwakilisha chuo katika masuala ya michezo, ambaye kila chuo mwanachama wa NCAA kinapaswa kuwa naye. Eleza ulichokiona wewe tu, kwa tarehe, na uombe nafasi ya kulisoma somo hilo upya kwa haki. Wakinyamaza, chombo cha ithibati kinapokea malalamiko ya mwanafunzi.

Ninasisitiza neno "ulichokiona" kwa sababu. Mary Willingham, aliyewafundisha kusoma wanamichezo wa Chapel Hill, alisema kweli kuhusu masomo yale, na ripoti ya Wainstein ilimthibitisha. Lakini chuo kiliitumia hesabu yake ya wachezaji wasiojua kusoma vizuri, ambayo wataalamu wa nje waliipinga, ili kumfunika yeye na ushahidi wake wote. Aliacha kazi, na mwaka 2015 chuo kikakubali kumlipa dola 335,000 kumaliza kesi yake. Jan Kemp wa Chuo Kikuu cha Georgia, aliyeondolewa kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya kupinga upendeleo kwa wachezaji, alishinda mahakamani mwaka 1986 na kurudishwa kazini. Wanawake hawa wawili walipata haki yao, lakini baada ya miaka.

Kwa mzazi aliye Iten au Mbulu, ambaye hawezi kufika kuliona darasa, simu ya kila juma inatosha ikiulizwa vizuri. Usiulize kama masomo yanaendelea vyema, kwa maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza juma hili amefundishwa na nani, katika chumba gani, na akueleze kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani jambo moja alilolielewa ambalo juma lililopita hakulijua.