Kompyuta Inayopata Joto Kupita Kiasi Msimu wa Jua Kali Kisumu

Kati ya Januari na Machi, kabla mvua ya masika haijashika, joto la alasiri mjini Kisumu hupita nyuzi 30, na katika nyumba ya mabati isiyo na dari huwa kali zaidi. Huo ndio wakati kompyuta ya nyumbani huanza kuvuma, kuzorota, kisha kujizima ghafla, na wengi hukimbilia kununua feni mpya. Ieleweke kwamba feni haitengenezi baridi: huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye vyuma vyembamba vinavyopokea joto la prosesa (kile kipuri kinachofanya hesabu zote za kompyuta), kwa hiyo prosesa haiwezi kupoa kuliko chumba chenyewe. Ndiyo maana nashauri uanze na chumba, ufuate vumbi, na fedha zitoke mwisho.

Kwanza pima. Programu ya bure kama HWMonitor huonyesha joto la prosesa. Nyuzi 40 hadi 55 si neno mashine ikiwa imetulia, na 70 hadi 85 ni kawaida ikiwa na kazi nzito, lakini ikikaribia 95 au 100 prosesa nyingi hujipunguzia kasi ili zisiungue. Kompyuta ikizimika huku kipimo kikiwa chini, tatizo huenda likawa pawasaplai (kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme) au stima yenyewe, na kusafisha hakutasaidia.

Usiiweke kompyuta kwenye ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri, wala ndani ya kabati la meza. Nyuma yake, hewa ya moto inapotokea, acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi, na uiinue kutoka sakafuni. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, hivyo dirisha la upande huo likifunguliwa pamoja na lingine la mkabala, joto la chumba hushuka bila gharama yoyote. Kipakatalishi nacho kikae mezani, kwa sababu godoro huziba matundu ya chini.

Vumbi ndilo adui mkubwa. Hapa Kisumu vumbi hilo lina mwenzake: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku hupenya kwenye matundu, hufa humo, na mabaki yao yakichanganyika na vumbi hushikana kati ya vyuma vya kupozea kama kipande cha blanketi, hata feni ikizunguka kwa nguvu zote hewa haipiti. Zima kompyuta, chomoa waya wa stima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu kwa bisibisi ukiwa nje barazani, gusa chuma cha kisanduku kabla ya kugusa chochote ndani, kisha zuia feni kwa kidole isizunguke huku ukifagia kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Kitambaa chenye maji kisiingie humo. Pawasaplai usiifungue kabisa, kwani vipuri vyake huhifadhi umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Safisha matundu yake kwa nje tu.

Mashine za mitumba kutoka ng'ambo, ambazo ndizo nyingi majumbani kwetu, mara nyingi huwa na krimu ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na chuma chake. Ikiwa vumbi limetoka na joto bado ni lile lile, futa krimu ya zamani kwa alkoholi na upake mpya, kiasi cha punje ya mchele katikati. Ukizidisha hakuna faida. Asiye na uzoefu ampe fundi kazi hii, kwa maana pini za prosesa hupinda kwa urahisi.

Kwa saa zile za jua kali kabisa, fungua mipangilio ya umeme ya Windows na ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Katika kompyuta nyingi badiliko hilo dogo huzuia prosesa kujiongezea kasi ya ziada, joto likapungua bila barua pepe wala kazi za kuandika kuathirika.