SOMO: Kufunga simu za ofisi ndogo kwa njia ya intaneti, anza na ruta kabla hujanunua simu

Wakuu salama? Hili somo nimelisogeza mbele kwa muda mrefu, leo nalitua. Ni la wenye ofisi ndogo, watu watano mpaka thelathini hivi, wanaotaka mteja apige namba moja alafu simu imfikie mtu husika, na wanataka ipite kwenye intaneti badala ya kuvuta waya za simu za zamani. Mimi kazi yangu ni kufunga hii mitambo na kuna kitu nitakirudia mpaka mchoke: simu za intaneti zikisumbua, mara nyingi kosa haliko kwenye simu, liko kwenye ruta na laini. Watu wananunua simu za mezani zenye kioo cha rangi, wanazichomeka kwenye ruta ileile iliyobeba kamera, waifai ya wageni na bakapu, wiki haijaisha unasikia "haya mambo ya simu za intaneti ni utapeli".

Maneno machache kwanza ili twende pamoja. PBX ni mtambo unaogawa simu ndani ya ofisi, zamani lilikuwa boksi limepigiliwa ukutani, siku hizi ni programu tu, inakaa kwenye kompyuta ndogo hapo ofisini au kwenye seva ya kampuni unayoilipa kila mwezi. Ekstensheni ni namba fupi ya kila mtu, 101, 102 na kuendelea. Tranki ya SIP ndo inayokuunganisha na namba za nje, haina waya wake, inapanda kwenye intaneti yako. SIP yenyewe ni lugha ya kupigiana: fulani anapigiwa, kengele inalia, kapokea, kakata. Sauti haipiti humo. Sauti inapita njia yake nyingine inayoitwa RTP. Shikeni hapo, maana ndo sababu unaweza kukuta simu inaita vizuri, inapokelewa vizuri, alafu watu wanabaki "halo, halo".

HATUA YA 1: Pima laini yako, na uipime muda wa kazi

Wengi wanapima spidi ya kushusha tu na wanapima usiku ofisi ikiwa tupu. Kinachoua simu ni spidi ya kupandisha, tena saa nne asubuhi watu wote wakiwepo. Hesabu yenyewe ni nyepesi: kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo karibu kila mtambo unaijua, inatumia kbps 64 za sauti, lakini kila pakiti, yani kifurushi kidogo cha data, inabeba na anwani zake juu kwa hiyo kwenye waya inafika kama kbps 87 kwenda na 87 kurudi. Simu kumi kwa wakati mmoja unahitaji karibu Mbps 1 kila upande, iliyo huru, siyo ile inayogombaniwa. Ukibanwa sana kuna G.729, yenyewe sauti ni kbps 8 na kwenye waya inakuwa kama 31, ila mtu anasikika kama yuko ndani ya ndoo. Mimi laini ikiruhusu nabaki na G.711.

Kwa hiyo umeona, spidi kubwa siyo tatizo la wengi. Tatizo ni utulivu. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja watu wanaanza kukatizana maneno, hicho ndo kiwango ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanachopendekeza usikipite. Jita, yani pakiti kufika kwa mkupuo mara haraka mara polepole, ikae chini ya milisekunde 30. Pakiti zinazopotea zisifike asilimia 1. Fanya ping (unatuma pakiti ndogo uone inarudi baada ya muda gani) kwenda kwenye seva ya kampuni itakayokuuzia tranki, siyo kwenye tovuti kubwa maarufu ambayo ina seva kila kona, na kumbuka ping inakupa muda wa kwenda na kurudi, usije ukaogopa bure.

Nikupe kisa. Ofisi moja niliyowafungia, kila siku kuanzia saa kumi jioni sauti inakatikakatika, asubuhi safi kabisa. Nimebadilisha simu, nimebadilisha swichi, nimelaumu kampuni ya tranki mpaka nikaona aibu. Kumbe mfumo wa kamera ulipangwa kupandisha video za siku nzima mtandaoni saa kumi kamili, unajaza njia yote ya kupandisha. Nikausogeza uanze saa sita usiku, kazi ikaisha. Wiki mbili zangu hizo.

HATUA YA 2: Chukua karatasi uchore simu itapita wapi

Kabla hujagusa setingi yoyote. Mteja kapiga, anasikia nini? Nani anaitwa wa kwanza? Asipopokea kwa sekunde 20 inaenda wapi? Baada ya saa za kazi je, na sikukuu? Ukishachora utajua unahitaji nini kati ya haya: kundi la kuita ambapo simu kadhaa zinalia pamoja, foleni yenye muziki ambapo wateja wanangoja kwa zamu, menyu ya sauti ya "bonyeza 1 kwa mauzo", ratiba ya saa za kazi, na ujumbe wa sauti unaotumwa kwa imeili kama faili.

Kwa maoni yangu ofisi ya watu sita haihitaji menyu ya sauti. Weka kundi la kuita basi. Ukiilazimisha, chaguo zisizidi nne na 0 iende kwa binadamu, hakuna kinachokera kama kusikiliza "bonyeza 7" alafu unapokelewa na yuleyule anayepokea zote.

HATUA YA 3: Mtambo ukae ofisini au nje?

Ukitaka wako mwenyewe, Asterisk ni bure, Mark Spencer aliianza 1999 na mpaka leo mitambo mingi ndogo imejengwa juu yake, FreePBX ni sura ya kubonyeza iliyowekwa juu yake kwa wasiopenda kuandika mafaili ya setingi. Uzuri wa kuwa nao ofisini, intaneti ikikatika 101 bado anampata 102. Ubaya, lazima awepo mtu wa kuufanyia apdeti na bakapu. Ukiwa nje kwenye seva ya kampuni, intaneti ya ofisi ikikatika hata jirani wa meza ya pili humpati, lakini mteja anayepiga bado anapokelewa na sauti ya menyu na simu inaweza kuhamia kwenye namba ya mkononi. Kama ofisini hakuna mtu anayeelewa Linux, mfumo ambao Asterisk inakaa juu yake, usijidanganye, chukua ya nje.

HATUA YA 4: Mtandao wa ndani

Hapa ndo jasho langu lote linapoishia.

Zima SIP ALG kwenye ruta. Hiki ni kitu ruta nyingi zinakuja nacho kimewashwa, kazi yake eti ni kusaidia simu zipite kwenye NAT (pale ruta inapoficha vifaa vyote vya ndani nyuma ya anwani moja ya nje) kwa kubadilisha anwani ndani ya ujumbe wa SIP, ila nyingi zinabadilisha vibaya na zinaharibu. Kabla hujaita fundi zima hicho kwanza, washa upya ruta, jaribu tena.

Nunua swichi ya PoE. Inapeleka umeme na data kwenye waya mmoja, ile ya kiwango cha 802.3af inatoa wati 15.4 kwa kila poti na simu ya mezani ya kawaida inatosheka. Faida yake ukiweka UPS moja kwenye swichi na ruta basi simu zote zinabaki hai.

Weka simu kwenye VLAN yao, yani mtandao wao uliotengwa ndani ya swichi ileile, alafu QoS, yani mpangilio wa kipi kipite kwanza. Kwenye QoS watu wanakosea hivi: wanaweka alama ya DSCP 46 kwenye pakiti za sauti wanaona wamemaliza. Ile alama inaheshimiwa ndani ya mtandao wako, ikishatoka nje kwenye intaneti mara nyingi hakuna anayeijali. Kinachosaidia kweli ni kuiambia ruta spidi yako ya kupandisha iwe kidogo chini ya halisi, kama asilimia 85 au 90, ili foleni ijengeke kwenye ruta yako ambapo sauti inatangulizwa, isijengeke kwenye kifaa cha mtoa huduma ambacho hukiamuru.

HATUA YA 5: Sajili simu na tranki

Kila ekstensheni paswedi yake ndefu isiyobahatishika, usiweke 101 paswedi 101, nitarudi hapo. Simu zikiwa nyingi usizijaze moja moja, mitambo mingi inaweza kuzipa setingi yenyewe kupitia DHCP option 66 (DHCP ndo inayogawa anwani kwa vifaa, option 66 inaielekeza simu kwenye seva yenye setingi zake). Kama PBX iko nyuma ya NAT iambie anwani yako ya nje ni ipi na mtandao wa ndani ni upi, ukiruka hapo ndo zinazaliwa zile "halo halo". SIP kawaida iko poti 5060 (poti hapa ni namba ya mlango wa mtandao, siyo tundu la waya), ya TLS, yani SIP iliyofichwa isisomwe njiani, ni 5061, na RTP kwenye Asterisk ni UDP 10000 mpaka 20000. Hiyo 5060 USIIFUNGUE kwa dunia nzima. Fayawoli iruhusu anwani za kampuni yako ya tranki tu, wafanyakazi walio nje waingie kwa VPN, yani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi.

HATUA YA 6: Jaribu kama mteja

Piga kutoka nje ukae zaidi ya sekunde 40. Nyingine uiache dakika 20. Weka holdi, rudisha. Hamisha simu kwa namna zote mbili, ile ya kutupa moja kwa moja na ile ya kuongea kwanza na unayemhamishia. Piga namba yenye menyu ubonyeze tarakimu uone zinafika. Na namba ya dharura, muulize mtoa huduma inashughulikiwaje na imesajiliwa na anwani gani, kwa sababu simu ya intaneti haijui yenyewe iko jengo gani.

HATUA YA 7: Usalama, msiruke

Kuna mtambo niliufunga zamani nikiwa bado mbichi, ekstensheni moja ya majaribio nikaiacha na paswedi rahisi na 5060 iko wazi. Ijumaa usiku programu za wezi zikaipata, zikapiga nchi za mbali wikiendi nzima, namba za gharama kubwa ambazo mwizi analipwa kwa kila dakika. Jumatatu bosi ananiita. Toka hapo: simu za kimataifa nafunga kabisa kama ofisi haizihitaji, zikihitajika zinakuwa na PIN, kwenye tranki naomba kikomo cha matumizi ya siku, na fail2ban inawafungia wanaobahatisha paswedi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama: Mkuu asante kwa somo. Mimi wateja wananisikia ila mimi siwasikii, simu za ndani ziko poa kabisa. Tatizo nini?

Jibu: NAT hiyo mkuu. SIP imepita, RTP ya kurudi haijui njia, inawezekana mtambo wako unawaambia watu wa nje wakutumie sauti kwenye anwani ya 192.168 ambayo kwao haipo. ALG izime, hakikisha anwani ya nje imeandikwa sahihi, alafu angalia fayawoli kwenye zile poti za RTP. Kama anwani yako ya nje inabadilikabadilika na uliiandika kwa mkono, anza kuangalia hapo.

Mwanachama: Yangu inakatika kila ikifika nusu dakika hivi, kila simu, nishaifanyia hesabu ni kama sekunde 32.

Jibu: Umefanya vizuri kuhesabu, hiyo namba inasema kila kitu. Anayepokea akituma jibu kwamba kapokea, anasubiri ujumbe wa uthibitisho unaoitwa ACK. Usipofika anarudia kutuma mpaka sekunde 32 zinaisha, anakata. Kwa hiyo ACK yako inapotelea njiani, turudi palepale kwenye ALG na anwani ya NAT. Ingekuwa inakatika dakika ya 15 ningekwambia kaangalie session timer, saa ya kuhakiki kama simu bado iko hai, kawaida ni sekunde 1800 na inahuishwa ikifika nusu, ule ujumbe wa kuhuisha ukipotea simu inakwenda.

Mwanachama: Tuna simu za zamani za mezani tisa na mashine ya faksi. Zote nitupe?

Jibu: Usitupe dada, kuna kiboksi kinaitwa ATA, unachomeka simu ya zamani upande wa FXS na upande wa pili waya wa mtandao. Faksi ndo mtihani, kwenye G.711 itakubali leo ikatae kesho, na G.729 sahau kabisa. Tafuta ATA na tranki vyote vyenye T.38, njia maalum ya kupitisha faksi kwenye intaneti. Ikishindikana acha laini moja ya zamani kwa ajili yake.

Mwanachama: Kwa nini nisitumie WhatsApp tu, si inapiga simu pia?

Jibu: Ukiwa peke yako sikukatazi. Ila mteja asiye na bando atakupataje, na mkiwa sita utamhamishiaje simu mtu wa stoo?

Mwanachama: Naweza kuweka ekstensheni kwenye simu yangu ya mkononi niwe naondoka nayo?

Jibu: Ndiyo, programu kama Linphone au Zoiper zinafanya. Tatizo simu za mkononi zinalaza programu ili kutunza chaji, kwa hiyo simu inaingia wewe huisikii. Tafuta mtambo unaotuma push ya kuiamsha. Alafu ukitembea kutoka waifai kwenda data anwani inabadilika na simu inaweza kukatika katikati, ukijua unatoka zima waifai kwanza ndo upige.

Mwanachama: Namba yetu ya siku zote nataka kuihamishia kwenye tranki, nifunge laini ya zamani lini?

Jibu: Usiguse mzee. Muulize kwanza mtoa huduma mpya kama namba ya aina hiyo anaweza kuihamisha, peleka maombi, laini ya zamani iendelee kulipiwa mpaka siku utakayopiga ile namba kutoka nje na ikalia kwenye simu mpya. Ukiifunga mapema namba inarudi kwa mwenye nayo na kuipata tena ni bahati.